Kikombe, Gome na Kidonge: Mwongozo wa Kutumia Tiba Asili Pamoja na Tiba ya Hospitali Karatu na Ngorongoro

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, inayahusu mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Tiba asili ni ile iliyotokana na maarifa ya jamii zenyewe, yakarithishwa kizazi kwa kizazi, nayo hutumia mimea, viungo vya wanyama, madini na taratibu za kimila. Tiba mbadala ni mifumo mingine iliyo nje ya tiba ya hospitali, mingi yake ikiwa imeingia kutoka ng'ambo, kama vile tiba ya sindano ya Kichina na homeopathia, ambayo humpa mgonjwa dawa iliyozimuliwa mara nyingi mno. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenyewe kuna mgawanyo mwingine ulio na uzito zaidi kuliko huu wa kisheria, nao ni kama tiba hiyo inatumiwa pamoja na ile ya hospitali, ndipo iitwe tiba kamilishi, au inatumiwa badala yake, ndipo iwe mbadala kwa maana halisi ya neno. Gome lilelile la mti huweza kuwa tiba kamilishi kwa mgonjwa mmoja na tiba mbadala kwa jirani yake, kutegemea kama vidonge vya kila mmoja bado vinamezwa au vimeachwa juu ya kabati.

Mgawanyo huo wa pili ndio unaofuatwa katika mwongozo huu, kwa sababu katika wilaya za Karatu na Ngorongoro swali la kuchagua kati ya mganga na daktari mara nyingi huulizwa vibaya: mgonjwa wa huko huwa ameshawachagua wote wawili. Mmasai wa Endulen anayekunywa supu ya nyama iliyochemshwa na magome huenda pia hospitali ya Endulen kupima presha, na bado hutaka kusikia neno la oloiboni, yaani mtaalamu wa mila anayeganga na kubashiri. Miongoni mwa Wairaqw wa Karatu, qwaslarmo, ambaye kazi yake inafanana na hiyo, hajaondolewa na kuwapo kwa Hospitali ya Kilutheri ya Karatu wala kituo cha matibabu cha FAME, na Wadatoga na Wahadzabe wa upande wa Mang'ola na Ziwa Eyasi wana hazina yao ya mizizi na majani. Kinachohitajika, kwa hiyo, ni mgonjwa kujua lipi litangulie, lipi lisubiri, na lipi lisichanganywe kamwe.

Funzo la Samunge

Hakuna mahali ambapo jambo hili lilionekana wazi kuliko Samunge, kijiji cha nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, wilayani Ngorongoro, ingawa magazeti yalizoea kusema tu Loliondo. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Babu, alikuwa akiwapa wagonjwa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500, akieleza kwamba alioteshwa na Mungu, na kwamba dawa hiyo hutibu magonjwa sugu, yakiwamo Ukimwi, kisukari, pumu na saratani. Dawa ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti ambao Wasonjo huuita mugariga na Wamasai huuita olamuriaki. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, watu walitoka Kenya na nchi nyingine jirani, na baadhi ya wagonjwa, hasa waliotolewa wodini wakiwa mahututi, walifariki njiani kabla hawajakifikia kikombe.

Mwasapila alifariki Julai 2021, na mjadala wa kama alikuwa mkweli au la hauna manufaa makubwa kwa mgonjwa wa leo. Lenye manufaa ni kuangalia madhara yalipopitia. Serikali wakati ule ilieleza kwamba dawa hiyo, kwa kipimo cha kikombe kile, haikuonekana kumdhuru mnywaji. Lakini kutodhuru ni jambo moja na kuponya ni jingine, na hatari kubwa ilikuwa katika kile ambacho watu walikiacha ili wanywe kikombe. Mtu anayeishi na VVU akiacha dawa za kufubaza virusi, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache hata kama yeye mwenyewe anajisikia mwenye nguvu, na anayeacha na kurudia huweza kuzalisha virusi sugu; mwenye kisukari anayetegemea insulini akiiacha, hali huweza kuwa ya kufa na kupona ndani ya siku chache. Kujisikia nafuu, ambako waliokunywa kikombe wengi walikusimulia kwa dhati, si kipimo. Kipimo cha VVU ni wingi wa virusi katika damu, cha kisukari ni sukari, na cha presha ni mashine inayofungwa mkononi. Mgonjwa anayetaka kujaribu tiba ya imani au ya mizizi kwa ugonjwa wa aina hii anaweza kufanya hivyo bila kuacha dozi hata moja. Na endapo mtoa tiba atamtaka aache kwanza vidonge ndipo dawa yake ifanye kazi, sharti hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuondoka.

Mti wa dawa na ndugu yake wa sumu

Mugariga wenyewe unastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa unaonyesha ni kwa nini usemi kwamba dawa za asili hazina madhara haukubaliki hata porini. Kitaalamu huitwa Carissa, na umo katika familia moja na msunguti, ambao wataalamu huuita Acokanthera na Wamasai olmorijoi. Yote miwili hutoa utomvu mweupe, huchanua maua meupe yenye harufu nzuri, na huzaa matunda madogo yanayoiva kwa rangi ya zambarau iliyokolea. Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni kwamba mugariga una miiba na msunguti hauna. Msunguti ni mti wa sumu ya mishale. Sumu yake ni ya kundi la glikosidi za moyo, yaani kemikali zinazobadilisha nguvu na mpangilio wa mapigo ya moyo hadi kuusimamisha, na watengenezaji wake huipata kwa kuchemsha magogo na mizizi kwa muda mrefu mpaka maji yawe mazito kama lami. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa na kila anayedhani kuchemsha huondoa sumu, kwani hapa kuchemsha ndiko kunakoikusanya. Wahadzabe nao hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mimea mingine yenye kemikali za jamii hiyohiyo.

Glikosidi za moyo zimetajwa pia katika mugariga, ingawa mti huo hautumiwi kama sumu. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini, dawa ya hospitali iliyo ya kundi hilo hilo, asiongeze juu yake kikombe cha mizizi ya mugariga, maana atakuwa anajipandishia dozi bila kujua. Kichefuchefu, kuona rangi ya njano au ukungu, na mapigo ya moyo yanayoruka ni dalili za kukimbilia hospitali.

Yapo mambo mawili ya kufuatwa hapa. La kwanza ni kwamba mizizi isiyo na majani haitambuliki, hivyo mnunuzi wa mnadani, mahali ambapo unga wa magome huuzwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, hana njia ya kujua anachokinywa isipokuwa neno la muuzaji. Ni salama zaidi kununua kwa mtu anayefahamika na anayeweza kuonyesha mti wenyewe ukiwa umesimama. La pili linawahusu waliohama. Familia zilizoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, kutoka Ngorongoro mwaka 2022 zilikwenda na majina ya miti, lakini pori la huko si lile la nyanda za juu. Mti unaofanana na ule wa nyumbani usitumiwe kwa kufananisha tu, mpaka mwenyeji anayeujua authibitishe.

Magome ya supu

Katika jamii za wafugaji sehemu kubwa ya kinachoitwa dawa ni chakula. Wamasai hutia gome la olkiloriti, ambalo ni la mti wa jamii ya migunga, katika supu ya nyama, hasa katika olpul, yaani kambi ya porini ambako wanaume hula nyama kwa siku kadhaa. Wasonjo pia hutia mizizi na magome katika supu zao, na utafiti wa Timothy Johns na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima katika viungo hivyo vya Batemi wa Ngorongoro saponini na fenoli, kemikali ambazo watafiti walidhani huenda zinasaidia kudhibiti lehemu kwa watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama. Hayo ni makisio yenye msingi, wala hayajawa ushahidi kwamba supu hiyo inatibu ugonjwa wa moyo. Lakini pia hakuna sababu ya mhudumu wa afya kumkemea mzee kwa supu aliyoinywa tangu ujana.

Tahadhari zipo, nazo ni ndogo na zinatekelezeka. Magome mengi yanayokausha ulimi, olkiloriti ikiwamo, yana tanini, ambayo hushikamana na madini ya chuma tumboni na kuzuia yasifyonzwe. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu asivimeze pamoja na supu ya magome wala pamoja na chai ya rangi, bali aache saa mbili au zaidi kati yake. Gome la olmukutan, linalosifika kwa kufukuza minyoo, lina nguvu ya kweli, na ndiyo maana likizidi humtapisha na kumharisha mtumiaji. Kwa mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo na huishiwa maji upesi, kidonge kimoja cha albendazole kinachotolewa zahanati kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba kipimo chake kinajulikana. Ugumu wa magome yote uko hapo: mti mmoja hutofautiana kwa umri, kwa udongo na kwa msimu, na kipande kinacholingana na kiganja cha mganga si sawa na kinacholingana na kiganja cha mnunuzi.

Yanayogongana na dawa za hospitali

Migongano mingine haihusu miti ya huko peke yake. Mwarobaini na shubiri huweza kushusha sukari, na mwenye kisukari anayezitumia juu ya vidonge vyake huweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, akatoka jasho la baridi, akatetemeka, akaongea maneno yasiyoeleweka. Apewe kitu chenye sukari mara moja iwapo anaweza kumeza, kisha apelekwe akapimwe. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga kwa hali yoyote, kwa kuwa yamewahi kuwasababishia watoto degedege na kuharibika kwa ini. Kitunguu saumu na tangawizi katika mboga havina neno, lakini vikitumiwa kwa wingi kama dawa huweza kuongeza kuvuja damu, hivyo anayengoja upasuaji aache dawa zote za mitishamba wiki mbili kabla na amweleze mtoa nusu kaputi. Chai ya majani ya artemisia, ambayo wengine huiita pakanga, haipendekezwi na Shirika la Afya Duniani kwa malaria, ijapokuwa kiini cha dawa mseto za malaria kilitokana na mmea huo: kiasi cha kiini katika chai hubadilikabadilika, na dozi pungufu hufundisha vimelea kuizoea dawa.

Dawa ya mitishamba inayofanya kazi haraka mno nayo itiliwe shaka. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta dawa zilizouzwa kama za asili, hasa za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo, zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani, na mtu wa presha aliyemeza unga wa namna hiyo huweza kuanguka bila daktari kuelewa sababu.

Magonjwa yasiyosubiri

Kwa mafua, kwa uchovu, kwa maumivu ya mgongo ya mtu aliyelima siku nzima kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, hakuna ubaya kuanzia nyumbani. Kuna maradhi mengine ambayo kila saa ya kuchelewa ina gharama yake. Degedege la mtoto, ambalo wengi waliambiwa tangu zamani kwamba mwenye nalo akichomwa sindano hufa, huletwa na homa kali, malaria au homa ya uti wa mgongo. Aliyefariki baada ya sindano kwa kawaida alifikishwa akiwa amechelewa, na sindano ikabebeshwa lawama. Mtoto wa namna hiyo alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe. Aliyeng'atwa na mbwa au fisi aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na aanze chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, kwa maana dalili zikishatokea hakuna mganga wala daktari anayemrudisha mtu. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, na asibandikwe jiwe jeusi ambalo linaaminika kunyonya sumu. Kiungo kitulizwe kama kilichovunjika na abebwe bila kutembezwa.

Homa inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa pamoja na jasho na maumivu ya viungo, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo, yaweza kuwa bruselosi, nayo hutaka antibiotiki kwa wiki 6 hivi, muda ambao watu wengi huukatiza wanapopata nafuu na kurudi kwenye mizizi. Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kipimo cha makohozi, na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure. Kidonda chenye gamba jeusi kwa mtu aliyechuna au kula mzoga ni dalili ya kimeta, na huko Ngorongoro kimeta si habari ya vitabuni. Jicho lisitiwe majani wala utomvu wowote. Trakoma, iliyowahi kuwapofusha wafugaji wengi, ina dawa, lakini kioo cha jicho kilichochubuliwa na dawa ya kienyeji mara nyingi hubaki na kovu.

Kuna taratibu mbili ambazo mwandishi yeyote makini hawezi kuzipitia kwa upole. Ya kwanza ni kukata kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha. Ya pili ni kung'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki, ambayo si meno ya bandia wala si ugonjwa, bali ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto anayehara au mwenye homa. Watoto hao huvuja damu, hupata pepopunda na maambukizi ya damu, huku nimonia au kuhara kwenyewe kukiendelea bila tiba. Wazazi wengi wamefanya hivyo kwa upendo na kwa ushauri wa wakubwa wao, hivyo kuwatukana hakusaidii. Wanachohitaji kuambiwa ni kwamba maji ya chumvichumvi na zinki kwa anayehara, na antibiotiki kwa mwenye nimonia, vipo zahanati. Vivyo hivyo dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisinywewe na mama aliye katika kujifungua, kwa kuwa husukuma mji wa mimba bila kiasi na huweza kuupasua.

Waunga mifupa ni habari nyingine, maana baadhi yao wana ustadi wa kweli katika mvunjiko mwepesi usiotoboa ngozi. Ila ganzi, ubaridi au weusi wa vidole baada ya kufungwa banzi ni ishara kwamba damu haipiti, na banzi lifunguliwe saa hiyo.

Kumtambua mganga na kuzungumza na daktari

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili waganga, vituo vyao na dawa, na kila halmashauri ina mratibu anayeshughulikia jambo hilo, ambaye hupatikana kupitia ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kuuliza cheti si utovu wa heshima. Usajili hauthibitishi kwamba dawa inaponya; unathibitisha kwamba mtu anajulikana na anaweza kuwajibishwa. Zaidi ya cheti, mganga anayefaa huonekana kwa mipaka anayojiwekea: husema ni magonjwa gani hayawezi, hukubali mgonjwa akapime kabla na baada, hatumii sindano wala wembe uliokwisha kutumika, na hamtaji jirani kuwa ndiye mchawi. Ramli za kuchonganisha watu ndizo zilizoifanya serikali mwaka 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, na anayezifanya hadi leo hatoi tiba. Dawa za viwandani zilizoandikwa kuwa za asili zitazamwe kama zina namba ya usajili. Hijama, yaani kuumika, ifanywe kwa vifaa vipya tu, na isifanywe kwa mwenye upungufu wa damu.

Upande wa pili wa mazungumzo ndio huwa mgumu zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi huwaficha wahudumu wa afya dawa za kienyeji wakihofia kukaripiwa, na wahudumu wengi, kusema kweli, wamewapa sababu ya kuhofia. Njia inayofanikiwa ni kusema mapema, kabla dawa haijaandikwa, na kusema kwa vitu: jina la mti kwa lugha ya nyumbani, sehemu iliyotumika, namna ilivyotayarishwa, kiasi kilichonywewa, na siku iliyoanza. Mzee asiyejua Kiswahili vizuri aende na kijana wa kumtafsiria, isipokuwa kwa mambo ambayo mzee hawezi kuyasema mbele ya mtoto wake.

Na pale mtu anapopata shida baada ya kunywa dawa, iwe ni kutapika kusikokoma, macho kuwa ya njano, mkojo kukatika, kupoteza fahamu au moyo kwenda mbio, anayemsindikiza hospitali ya Endulen, Wasso au Karatu asiende mikono mitupu wala asimpe mgonjwa maziwa ya kumtapisha. Abebe chupa iliyobaki, mabaki yaliyomo sufuriani, na tawi la mti huo lenye majani na, kama ni majira yake, maua au matunda, na asilioshe. Na ikiwa mti huo ulisemwa kuwa mugariga, akaona kwamba tawi hilo halina miiba, amwambie daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote.